Majina yetu yalifungiwa karanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Nimeandika kirefu. Ukiona mkasi unahitajika, kata huku mwanzoni kwenye salamu, ule mwisho uniachie kama ulivyo.

Mimi ni mama wa miaka 66, mkazi wa Ngarenaro hapa Arusha. Nilisokota uzi katika kiwanda kimoja cha nguo mjini hapa tangu mwaka 1978 hadi geti lilipofungwa. Kiwanda sikitaji. Waliokuwapo wanakijua, na wasiokuwapo hawapungukiwi na kitu. Mwaka jana binti yangu, ambaye ni muuguzi Uingereza, aliniita nikamsaidie kulea mjukuu kwa miezi miwili. Anakaa kusini mwa mji wa Manchester, jirani na uwanja wa ndege. Jumamosi moja hakuwa na zamu, akaniambia, "Mama, vaa viatu vya kutembelea, leo nakupeleka kazini kwako."

Nilidhani ananitania. Tukaenda kwa gari dakika chache tu, tukafika kijiji kinaitwa Styal. Ndege zinapaa juu ya miti muda wote, lakini ukishuka bondeni unaona mto Bollin, mto ambao mtu wa Arusha akiuona atasema huu si Themi ya masika huu? Kando ya mto limesimama jengo refu la matofali mekundu, madirisha hayahesabiki, na juu ya paa pana kengele. Hiyo kengele nitairudia.

Jengo lenyewe linaitwa Quarry Bank. Lilianzishwa mwaka 1784 na mfanyabiashara mmoja mzaliwa wa Belfast, Samuel Greg, ili kusokota pamba. Alikwenda kule porini kwa sababu ya maji. Miaka michache kabla yake, mwaka 1771, Richard Arkwright alikuwa ameshaanza kujenga kiwanda chake kule Cromford, na mashine yake ya kusokota iliyozungushwa na mto ikaigwa nchi nzima. Enzi hizo hukuchagua mahali pa kiwanda kwa kuangalia watu wapo wapi. Uliangalia maji yanaporomoka wapi, kisha ndipo ukaanza kutafuta watu.

Wasomaji wenzangu wasicheke. Hata sisi tulizungushwa na maji. Umeme wetu ulitoka kwenye mabwawa ya mto Pangani, Nyumba ya Mungu na Hale, na maji yakipungua kule sisi tulikaa chini ya mashine tukisukana nywele mpaka umeme urudi.

Ndani kuna mashine ambazo bado zinafanya kazi, mafundi wanaziwasha ili wageni waone. Mlango ulipofunguliwa nilisikia ile harufu, Mhariri. Mafuta ya mashine, vumbi la pamba, na joto lile la unyevunyevu, maana chumba cha kusokotea kikikauka uzi unakatika hovyo. Miaka zaidi ya thelathini sijaisikia. Mashine yao ya kusokota si kama yetu. Yao ina kigari kirefu kinachotoka kwenda nje na kurudi ndani kama droo ya kabati, kikivuta mamia ya nyuzi kwa pamoja. Watoto walipita chini yake kuzoa vumbi wakati kigari kinakwenda na kurudi. Sisi yetu ilisimama mahali pamoja, bobini ndizo zinazozunguka. Lakini uzi ni uzi. Nikauona mmoja umekatika, fundi anaendelea kuongea na wageni, hajauona. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nimeshavuka kamba, nimeshanyoosha kidole, binti akanivuta gauni: "Mama! Hapaguswi!" Wazungu wakageuka wote. Niliona aibu, nikaficha mkono nyuma kama mtoto aliyeiba sukari.

Kwa wasioijua kazi hiyo, uzi ukikatika unasimamisha bobini, unatafuta ncha, unaipitisha kwenye kipete chembamba cha chuma, unaigusisha na pamba inayoshuka kutoka kwenye rola. Imeshika. Unakwenda kwa mwingine. Zamu nzima ni hiyo, unatembea huku na huku kati ya mashine mbili kama mlinzi wa lindo. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba tulisemeshana kwa mikono na midomo. Ukigusa sikio, nyapara anakuja. Ukipiga tumbo mara mbili, nishikie nafasi niende nikanywe uji. Yule fundi wa Styal alieleza kwamba wafumaji wa kaskazini ya Uingereza nao walikuwa mabingwa wa kusoma midomo, hata nyumbani walizungumza kwa kukunja nyuso. Nilicheka peke yangu. Marehemu mume wangu alikuwa akinilalamikia kwamba nikikasirika naongea bila sauti.

Tukitoka zamu nywele zilikuwa nyeupe. Watoto wa mtaa wa Unga Limited walitupigia kelele, "Hao wametoka kusaga!"

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mbali kidogo na kiwanda, juu kwenye kilima, kuna nyumba nyeupe yenye bustani ya mboga. Greg aliijenga mwaka 1790 kuweka watoto. Maji yalikuwepo, watu hawakuwepo, na watu wazima wa vijiji vya jirani hawakupenda kufungiwa ndani kutwa. Akachukua watoto wa maskini na mayatima waliokuwa wakilelewa na parokia na nyumba za maskini, wengine kutoka mbali kama London na Liverpool, wakaja na mikataba ya uanagenzi. Walilala humo karibu 90 kwa wakati mmoja, wengi wao wasichana, wawili wawili kitandani, na usiku mlango ulifungwa kwa ufunguo. Kengele ile ya paani ndiyo iliyowaamsha. Mshahara wao ulikuwa chakula, nguo na mahali pa kulala. Utaratibu huo ulidumu mpaka mwaka 1847.

Mwanamke aliyekuwa akitutembeza alisimama kwenye ngazi akatusimulia habari za watoto wawili, Joseph Sefton na Thomas Priestley. Mwaka 1806 walitoroka. Walitembea mpaka Hackney, London, kwao, umbali wa karibu kilometa 280, yaani kama utoke hapa uende Mombo. Walipokamatwa wakafikishwa mbele ya mahakimu, wakaulizwa kwa nini mmetoroka. Majibu yao yaliandikwa na bado yapo. Walisema waliingia kazini saa 12 asubuhi na kutoka saa 1 jioni, kiangazi na baridi. Walisema walikula nini Jumapili na nini Jumatatu, na kwamba chakula kilitosha. Hawakulalamika sana. Thomas alikuwa na miaka 13, mashine ilishamla kidole kimoja. Sababu yao ya kutoroka ilikuwa kwamba walitaka kuwaona mama zao.

Nilimwambia binti anitafsirie tena, nilidhani sikusikia vizuri. Miaka zaidi ya 200, na mimi mama wa Ngarenaro nasimama kwenye ngazi hizo najua mtoto wa maskini alikula nini Jumapili.

Mwingine ni Esther Price, msichana kutoka Liverpool. Yeye alitoroka miaka ya 1830, akarudishwa, wakamfungia chumbani peke yake. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nalielewa kuliko mwingereza yeyote aliyekuwepo pale siku ile: alipata cheti chake cha ubatizo. Cheti kikaonyesha kwamba umri wake ni mkubwa kuliko ule ulioandikwa kwenye vitabu vya kiwanda, na mkataba wa uanagenzi una ukomo wa umri. Karatasi ya kanisa dhidi ya daftari la tajiri.

Nami niliajiriwa kwa cheti cha ubatizo. Mwaka 1978 nani kati yetu alikuwa na cheti cha kuzaliwa? Baba alinipeleka usharikani, mwinjilisti akafungua kitabu kikubwa, akanakili kwa kalamu ya wino, akagonga muhuri. Nilikikunja kwenye leso, nikapanga foleni getini tangu alfajiri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka uliotangulia, mpaka wa Namanga umefungwa, bidhaa za Kenya hazipiti, na sisi tuliambiwa tufume nguo zetu wenyewe. Tulifuma kweli. Mwisho wa mwaka huo vita vya Kagera vikaanza, fedha za kigeni zikawa adimu, vipuri vikaadimika. Fundi wetu alichonga jino la gia kutoka chuma cha daraja bovu, na lilidumu. Baadaye mitumba ikaruhusiwa ikajaa sokoni, na ukweli usemwe, hata sisi wasokotaji tuliinunua.

Nirudi kwenye karatasi. Miaka michache iliyopita nilikwenda ofisi moja, nayo siitaji, kufuatilia mafao yangu. Kijana wa dirishani alinipa shikamoo nzuri, akabonyeza, akabonyeza tena. "Mama, mfumo unakusoma kuanzia mwaka 1984." Nikamwambia nilianza 1978. Akaniuliza kama nina barua ya ajira, slipu ya mshahara, kitambulisho cha kiwanda. Barua ilichukuliwa na mafuriko, slipu nani alizitunza, kitambulisho tulikirudisha getini siku ya mwisho. Nikamwonyesha kidole changu cha kati cha mkono wa kushoto. Hakina kucha tangu mwaka 1980, mashine iliinyofoa. Kijana alikitazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Mama, mfumo haupokei kidole."

Siku hizi laini ya simu wanataka kidole, kitambulisho cha taifa wanataka kidole. Hiki changu ndicho kimekataliwa.

Niliuliza makabrasha ya kiwanda yalikwenda wapi. Kila niliyemuuliza alinyoosha mkono upande mwingine. Jibu nililipata kwa mjukuu wa jirani, ambaye alikuja nyumbani anatafuna karanga. Nikaona karatasi ya karanga ina mistari niliyoizoea: jina, namba, zamu, saa ya kuingia. Machi 1981. Majina 11, na moja lilikuwa la Anaeli aliyekuwa akisimama mashine ya pili yangu, ambaye tulimzika zamani. Nilimwaga karanga mezani nikaikunjua ile karatasi kwa pasi isiyo na moto mkali.

Nilimfuata muuza karanga mpaka kilipo kibanda chake. Alinunua karatasi kwa kilo huko soko la Kilombero, na sehemu kubwa ilikuwa imeshakwisha. Nikanunua karanga zote alizokuwa nazo, tukala karanga nyumbani wiki mbili, asubuhi na chai, jioni na mchicha. Nilipata kurasa nne. Majina 41. Langu halimo.

Ndiyo maana nilipotoka kwenye ile nyumba ya watoto kule Styal sikutaka kuongea na mtu. Binti alidhani nimechoka, akaninunulia chai.

Nisieleweke kwamba nakisifia kile kijiji. Nyumba za wafanyakazi ni nzuri, zina maua mlangoni, zilijengwa hasa miaka ya 1820, kila moja na kishamba chake cha viazi. Greg aliwajengea shule na kanisa dogo, na kiwanda kilikuwa na daktari wake, Peter Holland, jambo geni kwa zama zile. Ukiishia hapo utasema tajiri huyu alikuwa mtu wa Mungu. Lakini pamba ile ilichumwa na nani? Sehemu kubwa ilitoka ng'ambo ya bahari ilikolimwa na watumwa. Na Greg mwenyewe alimiliki shamba la watumwa kisiwani Dominica. Siku hizi wanalisema hilo pale pale kiwandani, hawalifichi, ingawa naona walichelewa. Bunge lao lilipopiga marufuku utumwa katika makoloni kwa sheria ya mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa. Mtumwa hakupewa senti. Na nyie wasomaji wa Lindi na Kilwa hamhitaji kufundishwa kuhusu pamba ya watu wengine: mwaka 1905 wazee wenu Wamatumbi waling'oa miche ya pamba ya Mjerumani, na Maji Maji ikaanzia hapo.

Kwa hiyo vitabu vile ni vya tajiri, viliandikwa kwa faida yake, ajue nani kaingia saa ngapi na nani adaiwe. Nakubali. Lakini aliyeandika aliandika majina, na waliofuata hawakuuza kwa kilo. Kiwanda kilipopungua nguvu, mwaka 1939 mmoja wa ukoo huo alilikabidhi eneo zima kwa shirika la taifa lao la kutunza majengo ya kale, na mashine ziliendelea kufanya kazi mpaka mwaka 1959. Wangeweza kuyachoma yale makaratasi yakapashia moto chai. Baridi ya kule naijua.

Sisi hatukukosa makaratasi, Mhariri. Tulikuwa na makabati. Tulikuwa na karani mmoja, mtu wa Machame, mkali wa mwandiko, ukimletea cheti chenye kosa la herufi moja anakurudisha nyumbani. Aliandika kila kitu. Mnada wa mashine ulipofanyika watu waligombea mota na nyaya za shaba. Makabati yaliuzwa pia, kwa sababu ni ya chuma, na yaliyokuwa ndani yakamwagwa chini.

Niliporudi nyumbani nilikwenda dukani nikanunua kaunta buku, ile nene ya kwaya tatu. Kila Jumamosi mchana nakaa kibarazani, na walioniona wameanza kuja. Mmoja alikuja na picha ya timu ya mpira ya kiwanda, wachezaji 15, tumeshawatambua 12. Mwingine kaleta kanga iliyokatwa kwenye jora la majaribio, haikuuzwa kamwe kwa sababu maandishi yalichapwa kinyume. Hadija wa sehemu ya kutia rangi kaja na kumbukumbu tu, lakini kumbukumbu yake ina shida moja: anawakumbuka watu kwa madeni. "Yule aliyenidai kilo ya sukari mwaka 1983." Tunaandika hivyo hivyo. Mpaka wiki iliyopita tumefika majina 118, pamoja na yale 41 ya karanga. Mbele ya kila jina naandika sehemu aliyofanya kazi, zamu, na kitu kimoja ambacho mwenzake anamkumbukia. Sitaki orodha ya makaburini.

Ninaloomba kwa wakubwa ni dogo. Pale Kaloleni tuna Makumbusho ya Azimio la Arusha. Azimio lilisema wafanyakazi na wakulima. Basi patafutwe kabati moja la kioo, kaunta buku yangu ikijaa niipeleke humo na zile kurasa nne zilizopigwa pasi. Kuhusu mafao yangu ya miaka sita sidai kitu kupitia gazeti lako. Hilo nitalifuatilia kwa miguu yangu, na wanangu wameniambia niache, ila sijaacha.

Ninaloomba kwa wasomaji ni kubwa kidogo. Kama una slipu, kitambulisho, picha, barua ya onyo, hata barua ya kufukuzwa kazi, usiitupe. Njoo tuandike jina tu, karatasi yako utarudi nayo.

Kuna mtu mmoja tumeshindwa kabisa. Zamu ya usiku ilipotoka saa 12 asubuhi, palikuwa na mama getini akiuza uji wa ulezi kwenye ndoo ya bati aliyoifunga blanketi ili usipoe. Alikuwa mrefu, ana mwanya, amevaa koti la jeshi la mume wake. Asiye na hela alikunywa kwa deni, na deni hakuliandika popote, alilishika kichwani. Hakuajiriwa na kiwanda, kwa hiyo hata yule karani wa Machame asingekuwa na jina lake. Sisi sote, watu mia kadhaa, kwa miaka karibu kumi, tulimwita Mama Uji tu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza. Nimemwachia mstari kwenye ukurasa wa tisa. Kama wewe ni mwanawe, au mjukuu wake, au uliishi naye nyumba moja pale Daraja Mbili, mwandikie Mhariri utuambie alikuwa anaitwa nani.

Mama Neema,
msokotaji mstaafu, zamu B,
Ngarenaro, Arusha